Juma la Kupogoa

Moto ulipolipuka kwenye baraza la nyuma, Mhariri alianza kwa kuzima maiki ya kompyuta yake. Narudia: alianza kwa kuzima maiki. Kabla ya kuinuka, kabla ya kuuliza nani anapiga yowe, aliinamia kioo akawaambia waliokuwa naye mkutanoni, "Samahani jamani, kuna kelele kidogo hapa nyumbani," akabonyeza, ndipo akatoka mbio.

Mkewe alikuwa ameshafika. Yeye alikuwa chumba cha mbele kwenye cherehani, anashona sare za shule, akaja na kitambaa kizito cha sketi mkononi, akamrukia mdogo wake na kumviringisha mikono yote miwili. Kasha la bati lililokuwa juu ya meza lilikuwa linatema cheche na moshi mweusi unaonuka plastiki. Mke alilipiga teke likaangukia uani, akachota mchanga kwa karai na kulifukia. Mhariri alisimama mlangoni, visikilizio vikimning'inia shingoni.

"Nilete maji?" aliuliza. Mkewe aliongeza karai jingine la mchanga.

Yule mdogo wa mke walimwita Waya, kwa wembamba wake na kwa kazi yake. Alikuwa fundi simu, mtu mzima na akili zake, akiishi nao kwenye chumba cha uani. Siku hiyo alikuwa anaunda kasha la betri: unachukua betri ndogo za kompyuta kuukuu, unaziunganisha nyingi pamoja, umeme ukikatika unapata wa kuwasha taa na kuchaji simu za wateja. Maelekezo aliyapata bure mtandaoni, kwenye mwongozo huria ulioandikwa na jumuiya ya watu wa kujitolea. Yeyote anausoma, yeyote anaongeza, yeyote anarekebisha. Jambo jema, sikatai. Na Mhariri alikuwa mmoja wa wahariri wake wakuu, ndiyo maana Waya aliuamini kuliko macho yake mwenyewe. Kila aliyemuuliza alimjibu, "Huo ameuandika shemeji yangu."

Walipompakia kwenye gari la jirani, kompyuta ya Mhariri ilikuwa bado inasema chumbani. Mtu alikuwa anasoma taarifa ya mafanikio.

Hospitalini daktari, mama mmoja mwenye sauti ya kuchoka, aliwaambia mkono wa kushoto utapona vizuri. Mkono wa kulia, kidole gumba na kinachofuata, ni wa kusubiri.

"Anafanya kazi gani?"

"Fundi simu," mke alisema.

Daktari aliangalia pembeni. "Tusubiri," alirudia.

Waya alikuwa amelala, mikono imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko, imewekwa juu ya mito. Dawa ilikuwa imemlegeza ulimi, lakini swali lake lilikuwa limenyooka. "Shemeji, nilikosea wapi? Nilifuata ule ukurasa wenu hatua kwa hatua. Hebu niangalizie."

Mhariri alitoa simu akafungua ukurasa. Hatua ya kwanza, safisha. Ya pili, panga. Ya tatu, kata waya kwa urefu huu. Ya nne, unganisha. Alipofika ya nne alirudi juu, akasoma tena. Kati ya hatua ya tatu na ya nne palikuwa na sentensi ya kumwonya mtu apime kila betri kabla hajaziunganisha, kwa sababu betri zisizolingana nguvu zinaweza kuwaka. Sasa hapakuwa na kitu. Alijua kwa nini hapakuwa na kitu. Alijua hata alikuwa anakunywa chai gani wakati anaifuta.

"Labda uliruka hatua," alisema.

Waya alifikiri. "Labda," alisema taratibu. "Nilikuwa na haraka kidogo. Inawezekana."

Mtanisamehe, lakini hapo natamani kutema mate. Mtu ameungua, amelala chali, hawezi hata kujikuna pua, na bado anamwachia nafasi mwenzake ya kusema ukweli. Mwenzake akarudisha simu mfukoni na kumwambia, "Pumzika, shemeji. Usijilaumu sana."

*

"Hakuruka hatua," mke alisema walipofika nyumbani.

"Umejuaje?"

"Si nilikuwa namsikia? Anasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Anasoma moja, anafanya. Anasoma ya pili, anafanya. Nikisimamisha cherehani namsikia vizuri kabisa. Na wewe ulipofungua simu pale hospitali ulibadilika rangi. Sasa niambie."

Mhariri alikaa ukingoni mwa kitanda. Alianza mbali, akapitia wasomaji, akapitia kanuni, akazunguka weee, mkewe amesimama tu na futi ya kupimia shingoni. Mwishowe ikatoka. Nami niieleze kwa kifupi, maana yeye aliieleza kwa urefu mno kwa mtu mwenye sifa ya kufupisha.

Watu walilalamika kwamba mwongozo ni mrefu. Kwenye simu ndogo unasogeza kidole mpaka kinauma, na hujafika kwenye hatua yenyewe. Malalamiko ya haki. Jumuiya ikatangaza Juma la Kupogoa: kila mhariri akate maneno yasiyo na kazi, na kila neno lililokatwa ni pointi moja. Watu wazima, wenye ndevu na vyeti, wakawekewa ubao mtandaoni wa kuonyesha nani amekata mengi. Mhariri kazini kwake ni karani wa bohari la vifaa vya ofisi. Bosi wake humwita "wewe wa karatasi". Kwenye ule ubao alikuwa wa tatu, akawa wa pili, akawa wa kwanza. Juma zima alikuwa anatembea ndani ya nyumba kifua mbele, anamwambia mkewe, "Leo nimekata ukurasa mzima," na mke anajibu "Hongera" huku anatafuta uzi.

Ile sentensi ya betri ilikuwa sehemu mbili: kwenye hatua, na kwenye ukurasa wa tahadhari. Kurudia ni dhambi wakati wa kupogoa. Mhariri akaifuta kwenye hatua, akisema iko kwenye tahadhari. Mratibu wa jumuiya, ambaye naye alikuwa anawania ubao, akaifuta kwenye tahadhari, akisema iko kwenye hatua. Kanuni inataka kila badiliko lipitishwe na jicho la pili. Mratibu akapitisha la Mhariri. Mhariri akapitisha la Mratibu. Macho manne yalitazama, yakaona maneno yanapungua, yakafurahi.

"Ilikuwa na pointi ngapi?" mke aliuliza.

"Nini?"

"Hiyo sentensi. Ulipata pointi ngapi?"

"Nane."

Mke alitoka chumbani. Alikwenda bafuni akafungua bomba, na hakuwa na kitu cha kuosha. Aliporudi uso ulikuwa umelowa. "Irudishe," alisema. "Sasa hivi, mimi nikiona."

"Kurasa zimefungwa."

"Zimefungwa na nani?"

"Ni utaratibu. Kabla ya toleo jipya hakuna kugusa kitu. Uzinduzi ni Jumamosi, wafadhili wanakuja. Baada ya hapo zinafunguliwa."

"Hakuna mwenye ufunguo?"

Alivua kwanza kiatu kimoja. "Mratibu. Na mimi."

"Basi."

"Nikifungua, kila mwanachama anaona nimefungua na kwa nini. Ngoja niongee na Mratibu kwanza."

Alimpigia hapo hapo, na mke akataka asikie. Mratibu alikuwa na sauti nzuri, ya kukaribisha wageni. "Pole sana, ndugu yangu. Poleni familia nzima. Kwa kweli nimeumia." Akaacha nafasi ya kuumia. "Sasa, hili tusiliite kosa. Tuliite changamoto. Kwenye taarifa ya mwaka tunayo sehemu ya mafanikio na sehemu ya changamoto, na mimi nitaliweka pale kwa heshima zote. Naweza kuandika kwamba baadhi ya watumiaji bado hawazingatii hatua zote."

"Alizingatia," mke alisema.

"Nani huyo?"

"Ni nyumbani hapa," Mhariri alisema haraka.

"Aa, salamu shemeji. Pole sana." Kisha akarudi kwa mwenzake, sauti imeshuka. "Ukifungua leo wataanza kuuliza nani alikata. Wewe ulikata kule, mimi nikakata huku. Tukianza kunyoosheana vidole nani atabaki? Mwongozo huu unasaidia maelfu. Utaubomoa wote kwa sentensi moja? Baada ya uzinduzi tunairudisha kimya kimya, yameisha."

Neno hilo, changamoto, limeshanichosha. Barabara ikiwa na shimo, changamoto. Dawa zikiibwa, changamoto. Sasa nyama ya mtu imechunwa mpaka imekuwa nyeupe, nayo inaitwa hivyo hivyo, na anayeitaja hivyo anapata heshima ya kuonekana mtulivu. Mhariri alipokata simu alikuwa na uso wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Jumamosi si mbali," alimwambia mkewe. "Nakuomba. Na Waya usimwambie bado. Nitamwambia mwenyewe, kwa utaratibu."

Mke alimkubalia. Hilo nalo liandikwe. Alimkubalia kwa sababu alikuwa mumewe, na kwa sababu alidhani mtu akipewa muda atautumia kwa jambo la maana. Toka siku hiyo akawa anampakulia chakula na kuondoka mezani. Hakugomba. Alikuwa tu hawezi kumtazama anavyotafuna.

*

Waya aliruhusiwa kurudi nyumbani Alhamisi. Ijumaa Mratibu akaja kumjulia hali. Alikuja na mpiga picha, bango la jumuiya na fulana.

Walimkuta Waya sebuleni, amekaa kwenye kiti kilichowekewa mito pembeni, dada yake anamlisha uji kwa kijiko. Mratibu alimpa pole, akakaa, akainuka, akatafuta mahali pa kutundika bango. Alipakosa, akampa Mhariri upande mmoja na kushika mwingine mwenyewe. Mpiga picha alisema fulana ingependeza ikivaliwa. Wakajaribu. Mkono wa fulana haukupita kwenye bandeji. Wakajaribu wa pili, Waya akauma meno, jasho likamtoka kwenye paji la uso.

"Basi, basi, usimuumize," Mratibu alisema. "Iwekeni juu ya kifua. Hivyo. Inasomeka?"

"Inasomeka," mpiga picha alisema.

Mke alikuwa bado ameshika kijiko. Alimtazama mumewe, ambaye alikuwa ameshika bango kwa mikono miwili, limenyooka vizuri, hata alikuwa ameligeuza kidogo ili mwanga usiliharibu.

"Tungependa neno moja kutoka kwako," Mratibu alimwambia Waya. "Kama mtumiaji. Chochote kinachotoka moyoni."

Waya alijikohoza. Alikuwa ameliwaza jambo hili siku zote za kulala chali, na inaonekana alikuwa anasubiri wa kumwambia. "Mimi naomba msamaha," alisema. "Nyinyi mmekaa mkaandika bure, hamtulipishi, halafu mimi kwa haraka zangu nimekwenda kuwaharibia jina. Najua watu watasema mwongozo unaunguza. Sasa mimi nimewaambia mafundi wenzangu wote. Wakija kuniona nawaambia, ukurasa uko sawa, mimi ndiye mzembe, nyinyi ufuateni tu."

"Umewaambia hivyo?" mke aliuliza.

"Wote, dada. Siwezi kukaa kimya watu wa shemeji wakasemwa vibaya."

Mratibu alimshika bega. Macho yalikuwa yamemlowa kweli, na hilo ndilo linalotia kinyaa zaidi, kwamba hakuwa anaigiza. "Huu ndio moyo wa jumuiya," alisema. Akamwomba arudie ile sehemu ya ukurasa uko sawa, mpiga picha arekodi. Waya akarudia. Waliondoka wakisema wataonana kesho kwenye uzinduzi, na fulana wakaiacha.

Hata mlango haujafungwa sawasawa, akaingia fundi redio wa kibanda cha jirani na Waya, mtu mnene mwenye kucheka hovyo. Alikuwa na mfuko wa plastiki uliojaa betri kuukuu. Aliusukuma chini ya kiti akauliza hali, akatania kwamba sasa Waya analishwa kama bwana harusi, kisha akaingia kwenye kilichomleta.

"Hizi nimezipata kwa watu wawili tofauti. Nataka niunganishe leo hii. Nimeuangalia ule ukurasa, sijaona pa kunikwaza. Wewe ulikwama hatua gani, niwe mwangalifu?"

"Fuata tu ulivyo," Waya alisema. "Usiruke kitu kama mimi."

Mhariri alikuwa anakunja bango. Mratibu alikuwa amelisahau. Mhariri aliendelea kulikunja. Alikunja likaisha, akaanza kulinyoosha pembe. Mkewe alimsubiri. Alimsubiri kwa muda ambao ungetosha mtu kusema neno moja, na neno moja lingetosha. Fundi redio akachukua mfuko wake akaanza kuaga.

"Kaa chini," mke alimwambia. "Hakuna kuunganisha kitu. Waya, mdogo wangu, hukuruka hatua. Ilifutwa. Palikuwa na sentensi ya kusema mzipime kwanza. Huyu aliifuta kwa kushindana pointi, na yule aliyekushika bega akaifuta na ya pili. Wamejua toka siku ile ile. Na mimi nimejua toka siku ile ile, nikanyamaza, Mungu anisamehe."

Fundi redio aliketi. Mfuko aliuweka mbali na miguu yake, kwa adabu sana.

Waya alimtazama shemeji yake, na Mhariri akaanza kuzungumza: kwamba haikuwa kusudi, kwamba palikuwa na kurudia, kwamba mfumo wenyewe ndio una upungufu, kwamba kesho baada ya uzinduzi alikuwa amepanga. Maneno yalimtoka kwa wingi.

"Shemeji," Waya alimkata. "Pale hospitali nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukanijibu."

"Nilikujibu vibaya."

"Hukunijibu vibaya. Ulinidanganya, na mimi nikaenda kuwadanganya watu ishirini kwa mdomo wangu." Alivuta pumzi. "Sasa naomba uniandikie ujumbe. Mimi siwezi kubonyeza."

Mhariri aliinuka haraka, kama mtu aliyepewa adhabu nyepesi kuliko alivyotarajia, akachukua simu ya Waya iliyokuwa kwenye kabati.

"Hiyo weka," Waya alisema. "Chukua yako."

"Yangu haina kundi la mafundi."

"Nitakupa namba, mmoja mmoja. Lakini anza na kundi lenu. La jumuiya."

Mhariri alisimama na simu mkononi. Kundi lile lilikuwa na kila mtu aliyewahi kumwita kwa heshima. Alimtazama mkewe, na mkewe akageuza uso ukutani.

"Andika," Waya alisema. "Nilifuta onyo la kupima betri."

Akaandika.

"Soma."

"Kumetokea changamoto ya kuondolewa kwa onyo..."

"Sijasema changamoto. Na halikuondolewa na upepo. Nimesema nilifuta."

Fundi redio alicheka, akajizuia. Mhariri akafuta, akaandika upya. Waya akaendelea taratibu, na kila alipomaliza alitaka asomewe: nilifuta onyo, nikapata pointi, ndugu wa mke wangu ameungua mikono kwa ajili hiyo, nilijua nikamwambia ni kosa lake, ambao hawajaunganisha wasiunganishe kwanza. Mara mbili Mhariri alipunguza neno, na mara mbili Waya akalikumbuka. Kisha akamwambia, "Tuma."

Akatuma. Simu ikalia.

"Wamesema nini?" mke aliuliza bila kugeuka.

"Mmoja anasema nimesahau nukta," Mhariri alisema. Simu ikalia tena. "Mratibu anaomba mada kama hizi ziletwe baada ya uzinduzi." Ikalia mara ya tatu, akaitazama kwa muda. "Amenitoa kwenye kundi."

"Ufunguo wa kurasa amekunyang'anya?"

"Bado. Hajakumbuka."

"Basi usimpe nafasi akumbuke."

Mhariri alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, akafungua ukurasa. Alikosea nywila mara moja. Mfumo ulimuuliza sababu ya badiliko. Akaandika, bila kuambiwa na mtu, kwamba aliifuta yeye na mtu ameungua. Akahifadhi. Akauonyesha ukurasa kwa fundi redio, aliyesogeza uso karibu, akatikisa kichwa na kuangalia mfuko wake.

"Nisomee," Waya alisema. "Sijawahi kuisikia."

Mhariri akasoma. "Pima kila betri kwanza; zikitofautiana nguvu usiziunganishe, zitawaka."

Waya alisubiri, akidhani kuna zaidi.

"Ni hiyo tu," Mhariri alisema.

Waya aliitazama mikono yake juu ya mito. "Kumbe ni fupi hivyo."